Binti yangu kwenye Junior Canadian Rangers: uzoefu wa mama kutoka Tanga anayeishi Nunavut

Kila mzazi Mswahili anayepata kazi kaskazini mwa Kanada hunipigia simu na swali lilelile: "Dada, baridi tumeisikia, mishahara tumeisikia. Sasa watoto watafanya nini huko?" Najibu kwa kitu kimoja ninachokifahamu vizuri, Junior Canadian Rangers, programu ya vijana wa vijijini huku.

Mimi ni nesi katika kituo cha afya cha kijiji kimoja pwani ya Hudson Bay. Jina la kijiji silitaji, maana tuko wachache na binti yangu angetambulika mara moja. Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada, ina vijiji na miji 25, na hakuna barabara inayotoka mmoja kwenda mwingine. Unasafiri kwa ndege, na mizigo mizito inakuja kwa meli barafu ya bahari ikishayeyuka. Nje ya shule kijana ana uwanja wa barafu, ana simu yake, basi.

Programu hii ilianzishwa rasmi mwaka 1998 kwa vijana wa miaka 12 hadi 18. Inaendeshwa kwenye vijiji vyenye kikosi cha Canadian Rangers, wale askari wa akiba wanaovaa sweta jekundu lenye kofia. Kwa huku Nunavut wengi wao ni Wainuit, wenyeji asilia wa kaskazini, wa hapohapo kijijini. Vijana wa programu huvaa kijani. Ada hakuna, na kwa sisi tunaonunua nyanya kwa bei ya kuliza hilo si jambo dogo. Wala si lazima mtoto awe Mwinuit. Akiwa mkazi wa kijiji anapokelewa.

Mafunzo yana sehemu tatu: ujuzi wa Ranger, yaani ramani, GPS, huduma ya kwanza na usalama wa bunduki, ujuzi wa jadi, na ujuzi wa maisha. Mliopitia skauti mtaona undugu fulani (Baden-Powell mwenyewe kazikwa Nyeri, kwa hiyo hatuko mbali sana). Ila huku kila kijiji kinachagua kifundishe nini kwenye ule ujuzi wa jadi, na wanaofundisha ni wazee waliokulia humo.

Na hapo ndipo nilipoipenda. Mimi, mtoto wa pwani, nilikuwa namhimiza binti yangu akimbie akisikia baridi. Bibi mmoja mwindaji akamweleza kinyume chake: usikubali kutoka jasho. Nguo ikilowa kwa jasho halafu ukasimama, baridi inakukuta umelowa, na pamba ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haikauki. Tangu hapo fulana za pamba zilizotoka Tanga zinavaliwa ndani ya nyumba tu. Alifundishwa pia kutafuta theluji ya kujengea iglu, ile nyumba ya matofali ya theluji. Unaichoma kwa fimbo nyembamba usikie kama ni ngumu sawasawa kuanzia juu hadi chini, yaani iliyolazwa na dhoruba moja. Yenye matabaka inakatikia mkononi. Matofali yanakatwa kwa kisu kirefu kiitwacho pana, kisha yanapangwa kwa kuzunguka kama konokono huku yakiinamia ndani. Iglu yao ya kwanza ilibomoka, wakacheka, wakaanza upya. Siku hizi ananisahihisha hata ninavyofunga mizigo kwenye qamutiik, ile sledi ya mbao inayovutwa na pikipiki ya theluji.

Lugha nayo imeingia bila darasa. Anasikia Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, wakiwa safarini, anakirudisha nyumbani akichanganya na Kiswahili, na baba yake hajui ajibu nini.

Sasa suala la jeshi, maana mtaniuliza. Ndiyo, fedha zinatoka Wizara ya Ulinzi, na watoto hushindana kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Kujiunga hakumfungi mtu kuwa askari baadaye. Bado mimi sikulala vizuri mwanzoni, na wenzangu Wainuit wana sababu nzito kuliko yangu. Watoto wa wenyeji asilia zaidi ya 150,000 walipelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatazwa lugha zao. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyaandika hayo yote katika ripoti yake ya 2015. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hamkabidhi mwanawe kwa sare yoyote kirahisi. Kinachonituliza ni kwamba mwenye sare hapa ni mjomba wa jirani, na kamati ya watu wazima wa kijiji ndiyo inayosimamia shughuli. Asiyeridhika na hilo simlaumu.

Ujuzi wa maisha watu hupenda kuuruka, wakidhani ni mihadhara. Mwaka huohuo wa 2015 serikali ya Nunavut ilitangaza kujiua kuwa janga, na wanaopotea zaidi kwa njia hiyo ni vijana. Kazini kwangu hilo nalijua kwa karibu kuliko ninavyotaka. Kwa hiyo jioni ambayo watoto wanazungumza na mtu mzima wanayemwamini kuhusu pombe, uonevu na huzuni, kwangu ina uzito sawa na safari ya kwenda kuvua samaki.

Usitegemee cheti cha kuombea kazi. Na ubora unafuata watu: penye Rangers wenye moyo kikosi kinachangamka, wakichoka au wakihama kinapoa. Dhoruba ikivuma mkutano unaahirishwa, na msimu wa mawindo kila mtu yuko nyikani.

Nyota nne kati ya tano. Kabla hujasaini mkataba wa kazi, uliza kama kijiji unachokwenda kina kikosi cha vijana, kwa sababu si vyote vinacho. Fomu ya ridhaa isome hadi mwisho, hasa sehemu ya bunduki. Na buti nzuri za baridi mnunulie mtoto huko kusini kabla ya kupanda ndege.