Kozi ya Kituruki kwa wanaoanza: mazoezi mazuri, maelezo yenye kasoro

Kozi ya Kituruki niliyoimaliza hivi karibuni hufundishwa mtandaoni kwa video na mazoezi ya kusikiliza. Sauti ni safi na kasi yake inamfaa anayeanza, ila somo moja lilinichosha kuliko yote: namna Kituruki kinavyotofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana.

Mwalimu alianza kwa kueleza kwamba Kituruki hakina neno lililo sawa na "the" la Kiingereza, kisha akadai kwamba kazi hiyo hufanywa na kiambishi kinachoongezwa mwishoni mwa nomino. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, kwa sababu kiambishi hicho ni cha yambwa (nomino inayotendwa) peke yake. Nomino ikiwa kiima (ile inayotenda au inayozungumziwa) haiongezwi kitu: "kitap masada" humaanisha kwamba kile kitabu tunachokijua kiko mezani, na anayekitaja kitabu kwa mara ya kwanza husema "masada bir kitap var", yaani "mezani kuna kitabu". Zoezi la kwanza nilikosa karibu lote, kwa kuwa nilikuwa nikibandika kiambishi hata kwenye viima.

Nilielewa nilipoacha Kiingereza na kurudi kwenye Kiswahili. "Kahve içtim" ni "nilikunywa kahawa", kahawa yoyote. "Kahveyi içtim" ni "niliinywa kahawa", yaani ile tuliyokwisha kuizungumzia. Alama tunayoitia sisi ndani ya kitenzi, Waturuki huitia mwishoni mwa nomino. Ulinganisho huu, hata hivyo, hauwafai watu na wanyama, maana sisi husema "nilimwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui, ilhali Mturuki husema "bir adam gördüm" bila kiambishi chochote. Jina la mtu, kinyume chake, lazima likipate: "Ali'yi gördüm".

Mazoezi ya upatanifu wa irabu ndiyo yaliyonifanya nisijutie ada. Kiambishi hubadilika kufuata irabu ya mwisho ya neno, kwa hiyo tunapata evi (kutoka ev, nyumba), kızı (kız, msichana), okulu (okul, shule) na gülü (gül, waridi). Neno linaloishia kwa irabu huongezewa y, kama arabayı (araba, gari), na p ya kitap hulainika kuwa b katika kitabı. Sauti zilirudiwa mpaka ulimi ukazoea wenyewe.

Mpangilio wa maneno, kwa upande mwingine, ulipewa sentensi moja tu, ingawa yambwa isiyo na kiambishi kwa kawaida hukaa jirani na kitenzi, kama katika "dün kitap okudum" (jana nilisoma kitabu), na yenye kiambishi huweza kusogea: "kitabı dün okudum" (kile kitabu nilikisoma jana).

Atakayejiunga ningemshauri airuke video ya utangulizi wa somo hilo, aanze na mazoezi, na kila sentensi aitafsiri kwa Kiswahili kabla ya kusikiliza jibu.