Kuigeuza Boxer ya Bodaboda Kuwa Pikipiki Yangu: Uzoefu Wangu na Mafundi wa Arusha

Pikipiki niliyoinunua ni Bajaj Boxer BM 150 iliyokuwa ikifanya kazi ya bodaboda hapa Arusha, na tangu nilipoilipia nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba haitaendelea kuonekana hivyo. Nilitaka pikipiki ya mtindo wa zamani, isiyo na vyuma vya ziada, yenye tangi la kijani kilichokolea na siti fupi ya kahawia. Sehemu kubwa ya kazi niliifanyia mtaa wa Unga Limited, ambako fundi wa kuchomelea, fundi rangi na fundi siti hupatikana bila kutembea mbali, na ninaandika kama mteja aliyelipa kwa fedha yake na anayeitumia pikipiki hiyo hadi leo.

Kuhusu Boxer yenyewe sina mengi. Injini yake ya cc 144.8 hupozwa kwa hewa, haina makuu, na vipuri vyake vinapatikana hata katika maduka madogo ya Kwa Mrombo na Tengeru. Kwa anayetaka kubadilisha muonekano hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kipuri kikiharibika wakati wa majaribio hununuliwa kingine siku hiyohiyo. Hata hivyo, pikipiki iliyobeba abiria na magunia huchoka mahali pasipoonekana, na ndiyo maana fedha ya kwanza niliitoa kwa beringi za shingo, yaani mahali usukani unapogeukia, bushi za nyuma, shokapu zote mbili za nyuma na viatu vya breki. Fundi alinikagulia pia chesisi, yaani fremu ya pikipiki, karibu na shingo, kuona kama imewahi kukatika na kuchomelewa. Kupaka rangi nzuri juu ya shingo inayocheza ni kujihatarisha, na fundi anayekubali kuanza na rangi bila kuuliza habari ya shingo simwamini.

Baada ya hapo tulianza kuondoa vitu. Keria ndefu ya nyuma, gadi za pembeni, vishikio vya abiria vilivyoongezwa na stika zilizofunika tangi vyote vilitoka, na kusema kweli nusu ya mtindo nilioutaka ilipatikana kwa spana na msasa tu. Ninawashauri wenzangu waivue pikipiki kwanza na kuitazama kwa siku chache kabla ya kununua pambo lolote, kwa kuwa mapambo mengi yanayouzwa madukani hurudisha uzito uleule ulioondolewa.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni siti. Siti za bodaboda huongezwa urefu na kujazwa sponji ili watu wawili wakae, na mwendeshaji mfupi huishia kugusa ardhi kwa ncha za vidole. Mzee aliyenishonea hakuchukua vipimo kwa macho. Aliweka sponji tupu juu ya bati la siti, akaniambia, "Kaa, kijana wangu, kisha ushushe miguu yote miwili," akakata kidogo, akanirudisha tena, hadi nyayo zangu zikatua chini sawasawa. Chini aliweka sponji ngumu na juu akaweka laini, kwa maelezo kwamba sponji laini peke yake hubonyea hadi mtu anakalia bati. Mishono aliipitisha pembeni, hakuipitisha katikati, kwa sababu kila tundu la sindano ni njia ya maji, na sponji ikishalowa haikauki upesi katika baridi ya Arusha. Siti hiyo imepita masika yote na sijaona unyevu ukipanda juu. Fundi wa namna hii anastahili kulipwa bila kumkaba kwa bei.

Rangi ilidai uvumilivu zaidi. Tangi lilimwagwa petroli yote na kuachwa wazi lipungue mvuke, likasuguliwa hadi kwenye bati, mabonde yakajazwa puti, kisha ikafuata praima na rangi yenyewe. Fundi alipaka asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, na siku ya mvua aliahirisha, kwa kuwa unyevu hewani huweza kuiachia rangi weupe kama ukungu. Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alisisitize ni vanishi ya juu inayochanganywa na kigumishi. Ni ghali kuliko ya kawaida, lakini petroli inayomwagika wakati wa kujaza haiichubui kwa urahisi, ilhali ya kawaida hulainika kuzunguka mfuniko na kuanza kubanduka.

Usukani niliuinua kidogo tu. Ukiinuliwa sana, waya wa klachi na waya wa mafuta hubana, kwa hiyo baada ya kufunga ni lazima kuugeuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho huku injini ikinguruma taratibu; ngurumo ikipanda yenyewe, waya ni mfupi.

Huduma iliyonikasirisha ni ya umeme. Karakana moja, ambayo sitaitaja, ilinifungia taa ya mbele ya LED kwa kukata nyaya, kuzisokota na kuzizungushia utepe, bila fyuzi wala kinga yoyote dhidi ya maji. Taa ilizimika usiku, mvuani, nikiwa natoka Kisongo, na katika barabara yenye malori hilo si kosa dogo. Fundi mwingine alirudia kazi yote: aliunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, akaweka fyuzi, kisha akashusha mwanga ili usiwapofushe wanaokuja mbele. Kabla ya kulipa, mwombe fundi umeme afungue mahali alipounganisha, uone kwa macho yako.

Ekzosi sikuigusa, ingawa nilishawishiwa sana kuikata. Ekzosi iliyo wazi huvuruga uwiano wa hewa na petroli uliopangwa kwenye kabureta, na kelele zake alfajiri mitaa ya Moshono si haki kwa majirani. Badala yake nilipunguza jino moja katika sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Kasi ya juu imepungua, lakini pikipiki inapanda vilima kwa nguvu zaidi, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Mwisho kabisa ni makaratasi. Kadi ya pikipiki ina rangi, namba ya injini na namba ya chesisi, hivyo mabadiliko ya rangi niliyapeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) pamoja na uhamisho wa umiliki, na kibao cheupe cha namba za biashara kikabadilishwa kuwa cha njano cha binafsi. Anayenunua pikipiki iliyokuwa bodaboda alinganishe namba hizo na kadi kabla hajamlipa muuzaji hata shilingi moja.