Mfupa wa nyonga, skrubu tatu na kijana wa kaunta ya malipo

Nimesita kuandika haya kwa sababu daktari wa mifupa aliyenipasua alifanya kazi nzuri mno, na sipendi sifa yake ichafuliwe na watu wa kaunta. Lakini kila ninaposhika magongo kwenda msalani usiku hasira hunipanda upya, na naona ni haki wenzangu wa Nairobi wajue yanayoweza kumpata mgonjwa katika hospitali ya kibinafsi yenye sakafu zinazong'aa na mashine za kisasa.

Niliteleza kwenye ngazi za daraja la kuvukia barabara ya Thika wakati wa mvua za masika, nikavunjika shingo ya fupa la paja, pale kwenye nyonga. Mguu ulikuwa umefupika na wayo umegeukia nje, na daktari alishuku tatizo kabla hata ya eksirei kupigwa. Picha zilipotoka alinieleza kwa upole kwamba ni daraja la tatu katika mpangilio wa Garden, wa kupanga mivunjiko ya shingo ya fupa la paja, unaotumika tangu miaka ya 1960, yaani mfupa umekatika kabisa na vipande vimesogea kutoka mahali pake. Mgonjwa wa miaka 80, alisema, kwa kawaida angeondolewa kichwa cha mfupa na kuwekewa cha chuma. Mimi sijafika 60, kwa hiyo ilikuwa afadhali kuuokoa mfupa wangu mwenyewe kwa kuurudisha mahali pake na kuukaza kwa skrubu. Kisha akasisitiza kwamba jambo hilo lifanywe upesi, usiku uleule au kesho yake asubuhi.

Upesi huo una sababu. Mishipa mikuu inayolisha kichwa cha fupa la paja hupanda kutoka chini, ikiambaa juu ya shingo hiyohiyo iliyovunjika. Vipande vikisogea, mishipa mingine hukatika na mingine hujikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa, na damu inayovujia ndani ya mfuko wa kiungo huweza kuibana hata ile iliyosalimika. Kichwa kikikosa damu hufa, na kikifa huweza kubonyea, na hapo skrubu hazina msaada tena. Madaktari hawakubaliani juu ya idadi kamili ya saa, lakini sijasikia hata mmoja akisema kwamba kungoja kunamfaa mgonjwa wa umri wangu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya kule Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa mwaka 2011, unataka mtu mzima aliyevunjika nyonga apasuliwe siku anayolazwa au siku inayofuata.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Skrubu hazikuwa stoo. Huletwa kwa kisanduku na kampuni ya nje, na hospitali haiagizi kisanduku mpaka malipo yathibitishwe. Bima ilikuwa imekwisha kukubali kulipia kitanda na upasuaji, ila barua ya vifaa ilikuwa haijafika. Mke wangu aliteremka hadi kaunta ya malipo, akaomba alipe sehemu kwa M-Pesa na kiasi kilichobaki kingoje bima. Kijana aliyekuwa zamu hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Mama, mfupa hauozi," alimwambia. "Rudini Jumatatu."

Mke wangu akamweleza, neno kwa neno, aliyoyasema daktari.

"Daktari si mwenye hospitali."

Mfupa hauozi! Mtu asiyewahi kusoma hata ukurasa mmoja wa tiba alitamka kinyume kabisa cha jambo lililonifanya niwe mgonjwa wa dharura, na neno lake likashinda la daktari. Nililala wikendi nzima nikiwa na mto chini ya goti, nikiuma shuka kila waliponigeuza, huku chumba cha upasuaji, kwa maelezo ya muuguzi mmoja aliyenihurumia, kikiwa kitupu.

Upasuaji wenyewe, ulipofanyika hatimaye, sina neno baya la kuusema. Nilipigwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho na niliweza kuona kioo cha eksirei kwa pembeni. Daktari alivuta mguu na kuuzungusha taratibu mpaka vipande vikakaa sawa, akapitisha nyaya tatu nyembamba, akazikagua kutoka mbele na kutoka ubavuni, na moja hakuridhika nayo akaichomoa na kuianza upya. Ndipo skrubu zenye tundu katikati zikapita juu ya nyaya hizo, zote tatu sambamba na zimepangwa kwa umbo la pembetatu, ili vipande vikandamizane kadiri mfupa unavyounga. Kidonda chenyewe ni kidogo kuliko kidole changu. Kwa mikono ile ningetoa alama zote.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba muende huko, ila mhakikishe vifaa vimelipiwa mapema. Sasa naona siwezi. Picha za juzi zinaonyesha mfupa unaunga vizuri, lakini daktari ameniambia waziwazi kwamba kichwa kinaweza kubonyea hata baada ya miaka miwili, kwa hiyo nitaendelea kupigwa picha, na nikipata maumivu ya kinena sitajua kama yanatokana na kuvunjika kwenyewe au na wikendi ile. Huenda kungoja hakukunidhuru hata kidogo. Huenda pia kumenigharimu nyonga yangu, na yule kijana hatajua kamwe.

Uongozi uliijibu barua yangu kwa kusikitikia "usumbufu" nilioupata. Nimewaandikia tena kuuliza jambo moja tu: ni nani, usiku wa Ijumaa, mwenye mamlaka ya kuagiza kisanduku cha skrubu bila kungoja barua ya bima? Bado hawajajibu, na mpaka wanijibu sitamshauri mtu wa umri wangu aliyevunjika nyonga apelekwe pale, hata kama daktari atakuwa ni yuleyule.