Doa jekundu kwenye simu: uzoefu wangu na programu ya kufuatilia ukuaji wa mtoto

Binti yangu alikuwa na miezi 4 na kilo 4.9 kwa mizani ya kliniki. Usiku huo niliingiza namba hiyo kwenye programu niliyoipakua siku ileile, na doa likaangukia chini ya mstari wa mwisho wa chati ya ukuaji, jekundu. Pembeni kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwamba uzito wake ni pungufu. Sikulala. Asubuhi jirani yangu hapa Kirumba, Mwanza, akaniambia maziwa yangu hayamtoshi, nianze kumpa uji. Nilishanunua unga kabisa. Namshukuru Mungu nilipita kliniki kwanza.

Nesi hakujali simu. Aliniuliza, "Mama, huyu alizaliwa wiki ya ngapi?" Nikamjibu ya 34. Binti yangu ni njiti, alizaliwa na kilo 2.1. Akahesabu mbele yangu: mimba kamili ni wiki 40, huyu alitangulia wiki 6, kwa hiyo ukimlinganisha na wenzake mhesabie miezi miwili na nusu hivi. Kwa umri huo, kilo 4.9 ziko sawa. Akaniambia mtoto njiti hupunguziwa hesabu hivyo mpaka afikishe miaka 2, na kwamba uji muda wake bado, ninyonyeshe.

Nyumbani nikaipekua programu upya. Sehemu ya kujaza tarehe niliyotarajiwa kujifungua ilikuwepo, ila imefichwa ndani kabisa kwenye mipangilio. Nilipoijaza, doa likahamia kijani. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote, na jina la programu silitaji kwa sababu kasoro hii huenda ukaikuta hata kwenye uliyonayo wewe. Swali la wiki za mimba lilitakiwa liwe la kwanza, kabla hata ya jina la mtoto. Mama mwingine angempa uji mtoto wa miezi 4 kwa sababu ya doa lile.

Chanjo haingoji hesabu hiyo ya kupunguza. Inafuata tarehe aliyozaliwa. Na vikumbusho vya chanjo vya programu nimevizima, kwa kuwa ratiba yake ni ya nchi nyingine: surua imewekwa miezi 12, wakati Tanzania surua-rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Kwa chanjo naangalia kadi tu.

Kwa nini basi nimeendelea nayo miezi yote hii? Kwa sababu ya mstari unaounganisha vipimo vyake. Kadi nayo ina mstari, lakini nilikuwa naikunja na kuirudisha kwenye mkoba bila kuutazama. Kwenye simu nauona, na baba yake aliyeko kambi ya uvuvi visiwani anauona kwenye simu yake akipata mtandao. Alipofikisha miezi 8, binti yetu alikuwa na kilo 7.1. Miezi 9, kilo 7.1 zilezile. Doa bado lilikuwa kijani, hakuna onyo lolote, ila mstari ulikuwa umelala kabisa. Ni baba yake aliyepiga simu: "Mbona mtoto haongezeki?"

Katikati hapo alikuwa ameharisha siku kadhaa. Nesi akauliza uji wake ukoje. Ulikuwa mwepesi, wa kunywa kwa kikombe. Akatuambia tuupike mzito, usimame kwenye kijiko, tuongeze unga wa dagaa na karanga zilizosagwa, na ale mara tatu au nne kwa siku juu ya kunyonya. Dagaa ninauza mwenyewe pale soko la Mwaloni, nilikuwa nao ndani muda wote! Ukurasa wa vyakula wa programu unaniambia brokoli na samaki wa bahari za baridi. Ziwa letu, Victoria, lina dagaa, sato na furu, na hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Wiki hiyo ya wasiwasi nilimpima pia kwenye mizani ya dagaa. Namba ilipanda gramu 600 ndani ya siku tatu, nikaifuta. Tangu hapo naingiza vipimo vya kliniki peke yake, mizani ileile, mtoto akiwa na nguo nyepesi. Na naomba apimwe urefu pia, amelala kwenye ubao, maana mizani haionyeshi udumavu, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa.

Mama mkwe wangu, ambaye ametoka Ukerewe kuja kunilelea, alikuwa na shaka na mistari yenyewe. Aliita vipimo vya Wazungu. Nilimweleza kwamba mistari hiyo ni ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2006, na watoto waliopimwa walitoka Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Ghana ndiyo iliyomtuliza.

Sehemu ya hatua za mtoto ameipenda yeye kuliko mimi, ingawa lazima nimtafsirie kila swali, kwani hakuna Kiswahili. Kinachonifurahisha ni kwamba haisemi siku moja, inasema kipindi: kutembea mwenyewe, kwa watoto wengi, ni kati ya miezi 8 na 17 na nusu hivi. Wapo hata wasiotambaa kabisa, wakainuka moja kwa moja. Wangu alikuwa hatambai, anajisogeza kwa makalio, na kusoma hilo kulinipunguzia presha.

Programu iliomba ruhusa ya kuona nilipo na namba zangu zote za simu. Nilikataa zote mbili na inafanya kazi vilevile. Nawe ukatae.

Juzi nikiwa Mwaloni mama mkwe alipiga. "Njoo uone, amesimama dede!" Nikamwambia amwangalie asianguke, ninakuja. Ana miezi 13. Tarehe nimeiingiza, na nimeiandika kwa kalamu nyuma ya kadi pia.