Mkaratusi ulioinamia chumba cha mama mkwe: jinsi ulivyoshushwa, na kikosi nilichokilipa

Kwa miaka miwili, usiku wa upepo ulikuwa usiku wa kukesha. Mkaratusi ulisimama mita 3 kutoka ukuta wa chumba cha mama mkwe, urefu wake kama mita 26, na umeinama kuelekea paa. Matawi mawili manene yalikuwa juu ya mabati kabisa, na waya wa umeme unaoingia ndani ulipita katikati ya majani. Mama mkwe alishahamisha kitanda hadi ukuta wa pili. Hakulalamika, ila nilipokiona kitanda kimehamishwa nilijua kwamba muda wa kuahirisha umekwisha.

Naandika haya kwa mwenye mti wa namna hiyo ambaye kila jioni anautazama na hajui aanzie wapi.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikaa dakika tano. "Dada, hii ni kazi ya nusu siku. Tunaufunga kamba, gari linavuta, unaangukia uwanjani." Bei yake ilikuwa nafuu na nilikaribia kukubali. Jirani yangu, aliyefanya kazi ya mbao miaka mingi, ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Muulize kamba ikikatika, mti unaelekea wapi." Nilimuuliza. Alicheka tu, akasema kamba zake hazijawahi kukatika. Hatukuendelea.

Baadaye nilielewa vizuri zaidi kwa nini jirani alikunja uso. Mti ulioinama umejaa mkazo ndani yake. Ukiukata kiholela kutoka nyuma, shina linaweza kupasuka kwenda juu kabla halijaanguka, na nusu yake ikaruka nyuma kwa nguvu pale pale aliposimama mkataji. Halafu kuna uzito. Nilizungushia utepe kwenye shina usawa wa kifua nikapata sentimita 282, yaani kipenyo cha karibu sentimita 90. Gogo la kipenyo hicho lenye urefu wa mita 1 tu lina ujazo wa mita za ujazo 0.63 hivi, na mkaratusi mbichi hukaribia tani 1 kwa kila mita ya ujazo. Aina nyingine huzidi. Kwa hiyo kila mita moja ya shina la chini ni zaidi ya kilo 600. Hakuna paa la nyumba ya kawaida linaloweza kupokea kitu hicho.

Kikosi cha pili kilinitoza karibu mara tatu ya bei ya yule wa kwanza, na ndicho nilichokichagua. Mkuu wao, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alipofika hakutazama juu kwanza. Alichuchumaa shinani. Akaondoa magome yaliyolegea, akagonga pande zote kwa nyundo ya mbao, akasikiliza. Upande wa nyumba sauti ilibadilika, ikawa nzito na tupu. Hapo hapo, chini karibu na udongo, palikuwa na uyoga mgumu kama kibao ambao mimi nilikuwa nauona kila siku na kuudhania ni pambo la mti. Alisema uyoga wa aina hiyo ukitokea shinani, mara nyingi ndani pameshaoza. Akatoboa kwa keekee yenye ncha nyembamba sehemu kadhaa, akipima ni sentimita ngapi za mbao nzima zimebaki kabla ya kufikia uozo. Palipokuwa pembamba kuliko pote zilibaki sentimita 20. Alitulia pale kwa muda mrefu. Kisha akasema mtu anaweza kupanda juu ya mti huo, lakini hataruhusu kipande kizito kidondoke na kukamatwa ghafla na kamba iliyofungwa kwenye mti huo huo.

Maelezo yake juu ya jambo hilo yalinifungua macho. Gogo likidondoka hata mita 1 kisha kamba ikalikatiza, nguvu inayoingia kwenye mti si uzito wa gogo peke yake. Huwa mara kadhaa ya uzito huo. Mti mzima utavumilia. Mti uliooza shinani unaweza kuvunjika na mpandaji akiwa juu. Ndiyo maana mtu wa kamba, yule anayebaki chini, haishiki kwa mikono mitupu. Anaizungusha kwenye ngoma ya chuma iliyofungwa shinani, msuguano unabeba mzigo, naye anaiachia ikimbie kidogo kidogo mpaka kipande kinatulia chini taratibu.

Kabla ya kuondoka aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kipi kilitangulia hapa, nyumba au mti?" Mti ulitangulia. Akaniagiza nichimbe shimo la mita 1 nimuoneshe udongo. Mti mkubwa hunywa maji mengi ardhini, na kama udongo ni wa mfinyanzi, mti ukiondoka udongo hujaa maji tena, ukavimba na kuinua msingi wa nyumba iliyojengwa baadaye. Kwangu ulitoka mchanga mchanga, akaridhika. Ungekuwa mfinyanzi, alisema, angenituma kwa mhandisi wa majengo kwanza, hata kama maana yake ni kuikosa kazi. Nilimwamini kuanzia hapo.

Alinipa pia cheti cha bima inayolipa hasara ya mali ya watu wengine. Niliipigia simu kampuni ya bima mimi mwenyewe kuhakikisha bado iko hai, na nakusihi ufanye vivyo hivyo, maana karatasi ya mwaka juzi hailipi bati la leo. Suala la kibali alinikumbusha yeye. Sehemu nyingi huwezi kuangusha mti mkubwa bila ruhusa, hata ukiwa ndani ya ua wako.

Siku ya kazi walifika alfajiri, wakatazama vilele vinavyoyumba, wakaahirisha. Niliudhika sana. Nilishaomba ruhusa kazini, mama mkwe nilishampeleka kwa dada yake, na shirika la umeme lilishapangiwa kuja kukata waya. Mkuu wao hakubishana nami. Alisema tu, "Dada, upepo huu nisingempandisha mwanangu, kwa hiyo sitampandisha na mtoto wa mwenzangu." Siku mbili baadaye kulikuwa shwari, umeme ukakatwa, kazi ikaanza.

Mpandaji alivaa kucha za chuma miguuni, mkanda wa usalama kiunoni, na karibu na msumeno alijifunga kamba ya pili yenye waya ndani ili mnyororo usiikate kwa urahisi. Kucha hizo hutumika kwa mti unaoondolewa tu, kwa sababu kila hatua ni jeraha. Akija mtu nazo kupogoa mti unaotaka uendelee kuishi, mrudishe. Yale matawi mawili ya juu ya mabati yalichukua saa tatu na nusu. Waliyashusha vipande vifupi vifupi, kila kimoja kikiwa na kamba ya juu ya kukibeba na kamba ya pembeni ya kukiongoza. Kazi yote ilikwenda kwa sauti: wa juu akiita, hakuachia kitu mpaka wa chini ajibu. Mara moja tu mambo yalikwenda kombo. Kipande kimoja kilijipinda hewani, ncha yake ikagonga mfereji wa maji ya mvua na kuupasua. Sikuwa nimeona. Mkuu wao alikuja mwenyewe kunionesha, na kesho yake mfereji mpya ulikuwa umefungwa bila mimi kuongeza kitu.

Shina lilipobaki kama mita 6, upande wa uwanja ukiwa wazi, ndipo waliliangusha zima. Walikata mdomo, yaani pengo kama kabari, upande wa kuangukia, kisha wakakata kutoka nyuma juu kidogo ya mdomo, wakiacha utepe wa mbao katikati ambao ndio bawaba inayoongoza mti. Kwa ajili ya uozo walikata juu yake, penye mbao nzima. Kamba ilivutwa polepole kwa winchi ya mkono. Ardhi ilitikisika hadi vyombo vikalia kabatini. Nililia kidogo, sifichi. Mti ule ulikuwepo kabla yangu.

Ninawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu ya kisiki. Mashine ya kusagia walisema ingefika kesho yake. Ilifika siku ya tano, na katikati hapo hakuna aliyenipigia simu. Nilipopiga mimi nilipewa majibu matatu tofauti. Watu wenye ustadi wa namna ile juu ya mti wanashindwaje kutuma ujumbe mmoja? Pia hatukuandikiana magogo yabaki au yaondoke, nikaachiwa rundo lililoziba geti siku mbili. Andikeni kabla: matawi, magogo, kisiki, unga wa kisiki, kila kimoja nani anakiondoa.

Kisiki kilisagwa sentimita 25 hivi chini ya ardhi, isipokuwa upande wa bomba la maji, ambako waliogopa kulipasua. Niliafiki. Ila mkaratusi mara nyingi haufi kwa kukatwa tu, huchipua tena kutoka kisikini, na wiki ya sita machipukizi ya kijani yalijitokeza upande huo huo wa bomba. Safari hii niliwapigia asubuhi na mchana wakawa wameshafika. Wakayavunja yote, wakakata uso mpya kwenye mbao na kupaka dawa ya kuua mti papo hapo pembezoni, chini ya gome, kabla uso haujakauka. Sasa kila asubuhi nikitoka napita pale kwanza. Mpaka leo limejitokeza chipukizi moja tu, na nimeling'oa kwa mkono.