Seli za umeme wa jua, silikoni au perovskaiti: maabara ndogo ishirikiane na watafiti wa ng'ambo kwenye ipi?

Kwa gharama, perovskaiti, kundi la fuwele zinazogeuza mwanga kuwa umeme, inashinda. Huhitaji tanuri za kiwandani. Unachanganya kemikali, unapaka kioo, sampuli inasafiri kwenda kupimwa kwa mshirika wa ng'ambo. Shida ni safari yenyewe: unyevu na joto huila, na mara nyingi ina madini ya risasi. Tangu Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani waanze na asilimia 3.8 mwaka 2009, ufanisi wa kugeuza mwanga kuwa umeme umepita asilimia 25. Uimara ndio bado kitendawili.

Silikoni, ile ya paneli za kawaida, ni mzee wa kazi, dhamana miaka 25. Kuiboresha kunataka mitambo ghali, lakini vumbi la Dodoma linalotua kwenye paneli huwezi kulipima ukiwa kwa watafiti wa jua wa Freiburg, Ujerumani; hapo ndipo wanakuhitaji.

Una wanakemia? Perovskaiti. Una paa na subira? Silikoni.