Swift Sport, STI au S4: kabla ya kuuliza nguvu, uliza oili

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale: "Subaru Forester XT yangu inatetemeka nikitoka kwenye tuta, fundi anasema CVT imekufa." Ukiuliza oili ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi, kimya. Kwa hiyo sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa hazina nafasi hapa, zimejaa kwenye kila tangazo. Tuongee giaboksi.

CVT ni giaboksi isiyo na gia, wala hukanyagi klachi. Ina puli mbili zenye koni na mkanda wa chuma katikati (Subaru wanatumia mnyororo), na kinachozibana koni ni presha ya oili. Oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma. Ukitia ATF ya kawaida (oili ya otomatiki zenye gia), mnyororo unateleza kidogo kila unapokanyaga mafuta, koni zinachubuka, na unga wa chuma unaingia kwenye valvu. Hapo utaambiwa ununue giaboksi nzima. Kwenye gari la gia za mkono, klachi ikiisha unanunua disiki, presha pleti na beringi, kesho yake uko barabarani.

1. Suzuki Swift Sport ZC33S, gia sita za mkono. Sifichi, mimi ni wa Suzuki. Turbo ya cc 1,400, farasi 140 na Nm 230, kwenye gari la kilo 970. Ijaribu hivi: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mpaka chini. Mshale wa rpm (mizunguko ya injini) ukipanda huku spidi imelala, klachi imekwisha, shusha bei. ZC32S iliyotangulia ndiyo iliyouzwa pia na CVT. Hiyo ya CVT iache.

2. Subaru WRX STI (VAB). Gia sita za mkono, farasi 308, giaboksi ngumu kweli. Bei ndiyo inayouma. Usiifananishe na WRX za zamani za gia tano: ukiziongezea nguvu, meno ya gia ya tatu ndiyo hutangulia kung'oka.

3. Subaru WRX S4 (VAG) na Forester XT (SJ). Farasi 300 na 280, zote kwa CVT. Ile S# (hali ya uendeshaji wa kispoti) ya "gia nane" ni ya kufurahisha masikio, kwani ndani mnyororo ni ule ule mmoja. Ukizitaka hata hivyo, zikague kwa utaratibu. Chomeka kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari), endesha nusu saa na kilima kikiwemo (aliye karibu na mlima wa Kitonga, Iringa, ana bahati), usome joto la oili ya CVT. Kati ya kilomita 30 na 50 kwa saa, gusa mafuta kidogo tu: ukihisi kama unapita juu ya kokoto, lock-up (klachi ya ndani inayofunga injini na giaboksi pamoja) imeanza kuchoka. Simama ghafla, injini ikizima, ondoka. Marekani, Subaru waliongeza dhamana ya CVT kwa modeli kadhaa hadi miaka 10 au maili 100,000, na hawakufanya hivyo kwa ukarimu.

Ukishanunua, badilisha oili. Subaru hizi za turbo zinataka oili ya CVT ya torki kubwa, siyo ile ya Subaru XV isiyo na turbo. Ukifungua nati ya kumwagia inatoka chini ya nusu, nyingine inabaki kwenye torque converter (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo rudia mara mbili au tatu. Kiwango kinapimwa injini ikiwaka, oili ikiwa nyuzi 35 hadi 45. Na simama hapo hapo umwangalie fundi: difu ya mbele ina oili yake na nati yake. Akifungua hiyo akidhani ni ya CVT, kisha akajaza CVT, umepata difu kavu na CVT iliyofurika kwa mkupuo mmoja. Taa ya AT OIL TEMP ikiwaka, paki, usizime injini mpaka taa izimike.

4. Honda CR-Z na Fit RS. Nunua za gia za mkono tu.

Sasa wauzaji. Wanaandika "otomatiki" wakijua ni CVT, wanakuapia oili ni ya maisha, na asubuhi ya kuja kwako wanachomoa betri ili kufuta kumbukumbu ya makosa. Kifaa kikikuonyesha kompyuta haijamaliza kujipima, muulize kwa nini saa ya dashibodi imepoteza majira.